Usije, Ingawa Baba Yako Anakuita

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
9 Machi.

Mpendwa mwana wa ndugu yangu,

Pokea salamu zangu mimi shangazi yako. U hali gani? Na kifua je, bado kinakubana kwenye baridi hiyo? Vaa sweta, udaktari haumkingi mtu na ukaidi wake. Mimi ni mzima, ila magoti yanagomea ngazi.

Barua hii anakuletea mume wa dada yako kwa lori lake, kwa hiyo nitasema yote.

Baba yako bado wamemfunga badala yako. Hakuna shtaka wala siku ya kesi. Wanasema atatoka utakaporudi na kutia sahihi kile cheti ulichokikataa, kisemacho kwamba yule mfungwa waliyempiga hadi kufa alikufa kwa homa.

Juzi niliitwa nikamwone. Walikuwa wamemnyoa na kumvika shati jipya, lakini alivyokonda, kola ilimpwaya shingoni kama ya kuazima. Meno ya mbele hana. Ofisa akanisogezea kiti, akasema, "Bibi, mwandikie kijana arudi. Tutakunywa naye chai, tuzungumze, yaishe."

Nikamwuliza, "Ni chai hiyo iliyomng'oa ndugu yangu meno?"

Akacheka. Baba yako hakucheka.

Sikufichi. Alinishika mkono, akasema, "Dada, mwite mwanangu. Nimechoka." Nilimtazama sana machoni nione kama amefundishwa maneno. Mimi ndiye niliyemlea, namjua anapodanganya. Alikuwa akiomba kweli.

Nimekufikishia maneno yake kwa kuwa sina haki ya kuyazuia. Sasa sikia yangu: usije. Ukija watakuwa na wawili, na yule marehemu atabaki amekufa kwa homa. Mama yake huuza mkaa hapa kwetu. Kila nikipita huniita, "Karibu, shangazi wa daktari," na hapunguzi bei hata kidogo.

Mama yako hanisemeshi. Mara ya mwisho aliniambia, "Wifi, mume ni wangu, mtoto ni wangu. Wewe ni nani wa kuchagua?"

Msalimu mkeo, na mwanenu yule mtundu mnayemwita Meneja. Mungu akufunike huko uliko, akupe na usingizi.

Kesho nitapeleka uji gerezani. Askari huupokea langoni, sijui nani huunywa. Wakiniruhusu kumwona baba yako, ataniuliza kama nimekuandikia. Nitamwambia ndiyo. Atakungoja, nami nitamwacha angoje.

Ni mimi shangazi yako,
nikupendaye, nisiyekuita.