Fishi za Wanawake Wawili wa Musonoi

Mwene-Ditu, tarehe 9 Mei 1993

Mukwe wangu Numbi,

Salamu nyingi. Je, uko mzima, na mwanao Stany, na mjukuu wetu? Sisi tulifika, ila miguu inavimba. Tangu Machi walipotupandisha treni sisi watu wa Kasai na kutuita wageni huko Kolwezi, katika mji nilikozaa watoto sita, nalala darasani na familia nne.

Siandiki juu ya hayo. Namtaka Daktari Mukalay. Alimpasua Mignonne wangu ajifungue, akasahau kitambaa tumboni mwake, binti yangu akaoza angali hai. Sasa anamwambia jaji kwamba haijawahi kumtokea. Wewe unatunza fishi, karatasi za wagonjwa, katika kliniki yake, na siku ya matanga ulininong'oneza kwamba wako wengine wawili. Nipe majina yao. Nataka kumwona akilia mbele ya watu.

Mukwe wako, Mama Mbombo


Kolwezi, tarehe 2 Juni 1993

Mukwe mpendwa,

Tuko wazima, na mtoto ameota meno mawili. Pole kwa miguu.

Stany aliomba fishi hizo tribinali, pamoja na ya mkewe Mignonne. Jaji akamjibu: "Fishi ya bibi yako ni yako, kamata. Ya bamama bengine hapana. Bale habakushitaki mutu." Ameruhusu kitu kimoja: ninakili tarehe na yaliyofanyika, bila majina. Nimeshazitenga fishi zote mbili kwenye droo yangu, nami nitafanya, hata Daktari akinifukuza kazi.

Majina siwezi. Unajua kila fishi ina mstari wa asili, mgonjwa ametoka mkoa gani. Mmoja wa wale wawili alikufa. Mwingine ni wa kwenu Kasai, amejificha mtaa wa Musonoi kwa jina la mumewe, ila fishi ina jina lake mwenyewe. Wakimjua leo, kesho hana nyumba.

Mukwe wako, Numbi


Mwene-Ditu, tarehe 27 Juni 1993

Numbi,

Natumaini hamjambo. Karatasi bila majina ni nini? Daktari atasema uliiandika jikoni kwako. Jaji anawalinda wanawake hao. Mimi nililindwa na nani?

Nimemwandikia Kisimba, mlinzi wa kliniki, ambaye mume wangu alimtafutia kazi. Atachukua fishi zile mbili ulizozitenga azipeleke kanisani Manika, zisomwe Jumapili kwenye matangazo, pale wanaposoma majina ya wagonjwa na wafiwa. Watu wajue Mukalay ni nani. Usinizuie.

Mukwe wako, Mbombo


Kolwezi, tarehe 3 Agosti 1993

Mama Mbombo,

Sikuulizi hali.

Kisimba alifanya ulivyomtuma. Msomaji wa matangazo alisoma fishi kama anavyosoma kila karatasi, toka juu hadi chini: jina, mtaa, ugonjwa, asili. "Kapinga, Musonoi, operesheni, Kasai." Hakuna aliyeuliza juu ya Daktari. Jumanne iliyofuata vijana walikuja kwa Kapinga na petroli. Nyumba imekwisha, naye wamempandisha treni na kidonda chake wazi.

Wiki moja kabla ya hapo Kapinga alikuja kwangu kwa miguu yake. Akaniambia: "Mi nitasema, lakini mu bureau ya juge, mulango ikifungwa." Jaji alikuwa amekubali kumsikiliza faragha ofisini kwake. Sasa wakili wa Daktari amesema ushahidi wetu ni wa wizi, na jaji ametupa yote, hata nakala yangu. Kesi imekufa.

Mpokee stesheni. Mwambie wewe mwenyewe nani alitoa fishi yake. Usiniandikie tena.

Numbi


Mwene-Ditu, tarehe 22 Agosti 1993

Mukwe wangu,

Ulinikataza, nami naandika. Mjukuu wetu hajambo?

Kapinga alishuka Ijumaa ya wiki iliyopita. Analala kwenye mkeka wangu, na kila asubuhi namwosha kidonda kwa maji ya chumvi. Ananiita mama. Jana aliniuliza: "Mama, nani alitoa fishi yangu?"

Nilitaka kumwambia, Numbi. Nikamjibu ni Daktari Mukalay, alitaka kumziba mdomo. Hakulia. Aliapa kwamba njia ikifunguka atarudi Kolwezi kumtafuta mtu huyo, nikamwambia tutakwenda pamoja. Usiku huo alikula chakula chake chote, mara ya kwanza tangu afike.

Naona aibu, lakini chuki yangu ni kubwa kuliko aibu. Nakuomba neno moja: usimwandikie Kapinga ukweli. Ninaye yeye tu wa kwenda naye.

Mukwe wako, Mbombo