Wiki Mbili Walizonipigia

Koboko

Furaha mdogo wangu,

Sasa hivi mwanangu Sauda amempiga mbuzi wa jirani kwa kandambili yangu, akamwambia, "Sema ukweli." Kisha amekuja kulala juu ya mguu wangu kama mtu aliyemaliza kazi. Maneno hayo ameyasikia hapa nyumbani, na nitakuambia kwa nani. Lakini kwanza, mmeamkaje huko Bunia? Kifua cha mama kimetulia? Na tumbo lako, mtoto ameanza kucheza? Mimi naandika polepole, mkono umevimba.

Nimesikia unakwenda skani ya tumbo juma lijalo, na mume wako bado yuko machimboni. Ndiyo maana barua hii haiwezi kungoja.

Skani yenyewe usiiogope. Utakunywa maji, utalala chali, watakupaka kitu baridi chenye kuteleza kama bamia. Daktari anakandamiza tumbo kidogo, haiumi. Anapima kichwa na mfupa wa paja, anaangalia moyo na uti wa mgongo, na kondo la nyuma limekaa wapi, maana likiziba njia usifikirie kuzalia nyumbani. Akinyamaza sana usilie, anapima tu. Mimi nilimwona wangu akimeza maji mule ndani, nikacheka mpaka daktari wa Arua akaniambia nitulie, picha inaruka.

Wakanipa karatasi ya Kiingereza. Hapo nilikosea. Nilimpa shemeji Juma, mdogo wa mume wangu, anisomee. Akasoma kwamba mimba ina wiki ishirini na mbili, akafungua kalenda ya simu. Unajua Yasini wangu anaendesha lori Juba. Mara ya mwisho alifika hapa wiki ishirini zilizopita.

"Hizi mbili iko ya nani?"

"Zote za Yasini, shemeji."

"Karatasi ya daktari iko naongopa? Sema ukweli."

Kofi la kwanza lililegeza jino. Nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu, sijui yake au yangu. Akanivuta kwa nywele hadi uani, mbele ya Sauda, akachukua waya wa pikipiki. Nilikunja mikono juu ya tumbo, ndiyo maana imevimba. Nilipoanguka akanipiga teke la kiuno, akainua mguu tena. Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko wa ugali, akampasua nao kichwani.

"Mimi nilizaa tisa. Wewe ulizaa ngapi, unajua kuhesabu mimba?"

"Mama, huyu mwanamke amemwibia kaka."

"Toka, kabla sijakuongezea upande wa pili."

Siku hiyo na usiku wake mtoto hakucheza. Furaha, nilijua nimebeba maiti. Asubuhi mama mkwe akanirudisha Arua. Walipoweka ile mashine sikuangalia, nilifumba macho. Mama mkwe akanifinya: "Fungua. Iko napiga, angalia." Moyo ulikuwa unakimbia kama cherehani.

Ndipo mama akamtupia nesi karatasi mezani. "Hizi wiki mbili mlizitoa wapi?"

Nesi hakukasirika. "Mama, sisi hatukuwepo chumbani kwao. Siku ya kushika mimba hatuijui. Tunaanza kuhesabu siku damu ya mwisho ilipoanza. Zile wiki mbili za mwanzo tumbo bado liko tupu. Ni hivyo kwa kila mwanamke, hata mke wa imamu."

Akaandika hayo kwa Kiswahili nyuma ya karatasi, akagonga muhuri. Na ni kweli, damu yangu ilianza wiki mbili kabla Yasini hajafika.

Lakini Juma alikuwa ameshampigia simu kaka yake. Yasini akaniambia neno moja tu: "Nakuja." Hakunitukana. Nashikilia hapo, maana huyu mtu akinisikiliza hadi mwisho, huwa ananielewa. Asiponisikiliza, sitafikisha mimba hii.

Kwa hiyo wewe, kabla karatasi haijaguswa na mtu mwingine, mwambie nesi aandike siku ya damu yako. Msalimie mama, na baba mdogo anayeuza chumvi, na mama yetu wa ubatizo. Usiwaambie habari ya jino. Waambie mtoto

Mama mkwe yuko mlangoni. Anasema, "Lori imefika. Lete karatasi, kaa nyuma yangu, mimi ndiye nitaongea kwanza." Furaha, kama mume wako naye atahesabu, usingoje kofi la kwanza, kimbilia kwa