Zamu Yangu ya Kulala Mlangoni

Dada Salome,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nikianza bila shikamoo utaniuliza nimelelewa wapi. Umenizidi miaka mitatu tu, na bado uliidai kila asubuhi!

Leo mwezi umetimia tangu tukuzike huko kwako Sepuka. Homa ya siku nne tu, dada. Uliniita nije kukuona, mimi nikajibu nitakuja nikishavuna. Haya, nimevuna. Mtama umejaa ghalani, nami nautazama tu.

Unakikumbuka kibanda chetu? Kule kwenye tembe letu la zamani, kabla hatujahamishiwa kijiji cha Ujamaa. Tulisimamisha mabua ya uwele nyuma ya nyumba, tukamsumbua mama siku tatu atuache tulale humo, mpaka akachoka. "Nendeni. Mkiliwa na fisi msinililie." Nikataka kurudi kwa mama. Wewe ukatandika ngozi ya ng'ombe, ukanisukuma ndani kabisa, ukajilaza mlangoni. "Fisi akija ataanza na mimi. Nina mifupa mingi, mpaka aimalize kutakuwa kumekucha." Nikacheka, nikalala fofofo.

Fisi hakuja. Walikuja mbuzi. Baba aliwafungulia asubuhi, wakayaona mabua, wakala ukuta tukiwa tumelala! Nilifumbua macho nikakutana na ndevu za beberu, nikapiga yowe lililowatoa majirani. Baba alicheka hadi akakaa chini. Wewe hukucheka hata kidogo, ulimfukuza beberu kwa ukuni ukimtukana.

Kisha tukahamishwa. Lori lilitushusha porini pamoja na vyungu na kuku, likaondoka. Baba, aliyelijenga lile tembe kwa mikono yake, akaanza kusimamisha kibanda cha mabua, kama kile chetu. Siku hiyo alikuwa hasemi na mtu. Ukamwendea, mbele ya wazee wenzake, ukasema, "Baba, zungushia miiba. Mbuzi watakula nyumba." Mama akashika mdomo. Nilidhani utachapwa. Baba akachukua panga akaenda kukata miiba. Hadi jioni majirani wote walikuwa wanakata miiba.

Tulikaa humo miezi, na kila siku aliyelala mlangoni ni wewe. Nikikuomba zamu unanijibu, "Ukikua."

Nimekua, dada. Nimeolewa, nina nyumba yangu, na hiyo zamu hukunipa.

Kwa hiyo niliichukua mwenyewe. Kwenye msiba wako wanaume walikoka moto uani, sisi wanawake tukajaa ndani kwenye mikeka. Wewe ulikuwa umelazwa chumbani, na Neema wako alikuwa amelala kwenye kona akiwa na khanga yako. Shangazi alinivuta nilale katikati penye joto. Nikakataa, nikajilaza mlangoni. Watu walikuwa wananiruka wakipita, mmoja alinikanyaga mkono. Nikasikia wanasema msiba umenichanganya. Haukunichanganya. Nilikuwa nawalinda wewe na mwanao, na nilikuwa nalia kwa kuwa nimechelewa.

Nimekukumbuka sana, Salome. Nikisikia mbuzi asubuhi nageuka kukutafuta.

Shemeji amekubali Neema akae kwangu mpaka atakapoanza shule. Jana nilimpeleka shambani. Akaona mabua yamelala chini, akanishika nguo. "Mama mdogo, haya ndiyo yale mbuzi waliyokula mkiwa mmelala?"

Sijawahi kumsimulia. Wala mama hajamsimulia. Ni wewe uliyemsimulia. Nilikaa pale pale kwenye matuta nikalia mpaka mtoto akanifuta machozi kwa ile khanga yako.

Leo nimeshinda nakata miiba. Jumamosi tutalala uani kwenye kibanda cha mabua, mimi na yeye, na nimeshamwambia atakuwa ndani kabisa. Amekataa, anataka mlangoni. Ni mkaidi, sijui karithi kwa nani! Nimemjibu, "Ukikua." Na akikua nitampa kweli, nakuahidi, sitamnyima kama ulivyoninyima.

Nawe pumzika sasa, dada. Umelala mlangoni miaka mingi. Sogea ndani kabisa, ulale. Mlangoni nipo.

Mdogo wako,
Eliza