Mzee Kipimo na Mlango Uliovuja

Nyumba za Wafanyakazi,
Nyuma ya Hospitali,
Jumapili mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naamini umeitikia huko huko uliko, maana sauti yako hupenya hata kuta. Goti linaendeleaje? Sisi huku wazima. Baba kikohozi kimemwachia na ubishi umemrudia, ndipo tukajua amepona.

Uliuliza kwa nini nilikuwa kimya. Nilikuwa na mgogoro kazini, na sikutaka kukuandikia nikiwa nimenuna.

Unakumbuka nilikueleza habari za Mzee Kipimo, mwenzangu wa kukagua mionzi, aliyenifundisha kazi nilipoanza. Ndiye aliyekipima chumba kipya cha eksirei na kukipitisha kuwa salama. Nje ya mlango wake kuna benchi wanaposubiri wajawazito wa kliniki. Siku moja nilikuwa napita hapo, kipimo changu cha mionzi kikiwa kimewashwa mkononi, mara kikapiga kelele. Nikasubiri picha nyingine ipigwe, kikalia tena. Mionzi ilikuwa inavuja.

Nikawahamisha wale akina mama, kisha nikamfuata Mzee kwenye chai.

“Mzee wangu, ule mlango uliupimaje?”

Akaweka kikombe chini. “Nilikufundisha kushika kipimo, leo unanipima mimi?”

“Sikupimi wewe, napima mlango. Twende tukaupime pamoja.”

“Mimi nimeshamaliza pale.”

“Basi nakifunga chumba mpaka utakapokuja.”

Nikakifunga kweli. Shangazi, nilisemwa! Wapiga picha walilalamika foleni imekuwa ndefu, na wengine wakanong’ona kwamba nakitaka kiti cha Mzee. Yeye mwenyewe akahamishia kikombe chake meza ya dirishani, na salamu zangu akawa anazijibu kwa kukohoa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko maneno yote. Nilijiuliza kama ningenyamaza tu, nikawaona wale akina mama na matumbo yao, nikapata jibu.

Siku chache baadaye akaja mlangoni kwangu, kipimo begani. “Haya, twende.”

Tukaupima mlango wote. Bati la risasi, lile linalozuia mionzi, ndani ya mlango lilikuwa limeishia kabla ya bawaba. Mashine ikielekezwa kitandani hapakuwa na shida, lakini ikigeuzwa ukutani kupiga picha za kifua, mionzi ilipita penye ule upenyo. Mzee akakaa kwenye benchi lile lile.

“Nilipima mashine ikielekezwa kitandani tu,” akasema. “Nilikuwa na haraka.”

Kwenye kikao na wakubwa wa hospitali aliyasema hayo mwenyewe, hata sijafungua mdomo. Kisha tukasisitiza wale akina mama waitwe waelezwe. Wapo waliotaka yaishe kimya kimya, tukakataa. Daktari akawaambia ukweli: kiasi kilikuwa kidogo, hategemei madhara, ila hakikupaswa kuwafikia. Mmoja akatusema tukainamisha vichwa, na haki alikuwa nayo. Mlango umetengenezwa, tumeupima wote wawili kila upande.

Sasa tumepatana kwamba hakuna kazi ya mmoja wetu inayopita kabla mwenzake hajaikagua. Mzee amerudi mezani kwangu, na vichekesho vyake vibovu. Wiki hii akanirudishia ripoti yangu ya chumba cha eksirei ya meno, akitabasamu: nilisahau kupima dari, na juu yake kuna ofisi. Shangazi, iliniuma! Nilinuna mpaka chai ikapoa. Kisha nikabeba kipimo changu nikapanda ngazi, naye akanifuata nyuma akipiga mluzi.

Nisalimie sana Mjomba, na wale mapacha wako waambie waniandikie hata mstari mmoja. Mama na Bibi wanakusalimu. Bibi anasema ule, usijikondeshe. Mungu akulaze salama na akuamshe na furaha.

Mimi nikupendaye bila kupimiwa,
Mtoto wa kaka yako,
Kiherehere.