N Niliyoilaza

Dada yangu Habiba,

Pokea salamu kutoka huku Mombasa kwa Shangazi. Mwili wangu mzima, moyo ndio unaotokota. Je, maji ya mafuriko yameshatoka shambani huko Idsowe? Na kikohozi cha Bibi kimetulia?

Nina jambo siwezi kumwambia Shangazi, atanichapa. Wajua mimi sina mdomo. Basi nimetumia herufi.

Chini ya nyumba yetu kuna chumba cha kompyuta cha Saidi, kijana anayenifundisha kuchapa. Alikuwa anatengeneza mchezo wa watoto, mtumbwi unaokwepa mamba. Jina nilimpa mimi: MTO TANA. Lakini maandishi ya mashine yalikuwa membamba, hayasomeki vizuri. Nikamwambia, "Kaka, bibi yangu husuka majina kwenye mkeka. Herufi zake ni miraba mitupu, hata O haina mviringo." Akasema haya, jaribu. Nikachora alfabeti nzima kwenye karatasi ya hesabu, mraba mweusi, mraba mweupe, kama Bibi anavyopanga miyaa. Kisha nikaziingiza kwenye mashine nukta kwa nukta. Akaniahidi jina langu litatokea mwanzoni.

Siku ya kuufungua mchezo, chumba kimejaa watoto, kioo kikaandika: MBUNI: SAIDI.

Nikanong'ona, "Kaka, na mimi?"

"Wewe? Huko kwenu Idsowe mna kompyuta au mna mamba?"

Watoto wakacheka. Na mimi, Dada, nikacheka nao. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Asilolijua Saidi ni kwamba herufi huchorwa mara moja tu. Ukiigeuza, imegeuka kila inapotokea. Jana alipokwenda kuswali adhuhuri, nikaichukua N nikailaza ubavu. N ikilala, ni Z.

Aliporudi akawasha, watoto wamemzunguka. MBUZI: SAIDI.

Kelele zake! "Mbuzi Saidi! Meee!" Akafuta, akaandika upya: mbuzi. Akazima, akawasha: mbuzi. Jasho likamtoka.

"Amina, hebu tengeneza hii!"

"Mimi tena, kaka? Si mbuni ni wewe?"

Nilisema kwa sauti, Dada. Mimi huyu huyu. Kweli, hata TANA imekuwa TAZA, na hilo limenichoma kidogo, lakini mto wetu umeshavumilia makubwa kuliko hayo.

Leo asubuhi amenifuata ngazini na soda mkononi. "Nitaandika jina lako, we isimamishe tu." Nimekataa. Soda nimekunywa. Kwanza aseme mbele ya watoto walewale kwamba herufi ni zangu, na wazi wazi, si kwa kunong'ona kama nilivyonong'ona mimi. Asiposema, abaki akililiwa meee.

Msalimie Mama. Bibi mwambie miraba yake inawaka kwenye kioo. Shemeji mchunga ng'ombe usimsomee barua hii, atacheka mpaka asikike kijiji cha Wema.

Mdogo wako, mpaka N isimame,

AMIZA