Betri za Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, mdogo wake mke wangu, kapita kibandani kwangu na betri nne za redio. Zimekwisha, na kushona kutwa bila redio hawezi. Akauliza kama hizi za kutupa zinaweza kuwekwa kwenye chaja. Nilikuwa nimeinamia simu ya mteja, skrubu mdomoni. Nikamwambia zinakubali kidogo, asizisahau tu. Mwenyewe nimewahi kufanya mara mbili.

Jumatano, 5 Machi
Siku mbaya. Betri moja imepasuka. Shemeji aliinama kuigusa aone kama imepata moto — maji yake makali yakamrukia jicho la kulia. Jirani alimwosha kwa maji ya bomba mpaka gari likaja. Mke wangu kanipigia analia. Nikafunga kibanda, nikaenda hospitali.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kufunga chumba cha shemeji. Nikaokota betri moja chini ya cherehani, nikaisoma kwa miwani. Maandishi madogo kama sisimizi: usichaji. Gesi hujaa ndani, haina pa kutokea. Nilijua! Miaka ishirini ya ufundi, ningekosaje kujua? Nilijibu kwa uvivu tu. Bahati yangu ya mara mbili nikaiita ujuzi.

Jumapili, 9 Machi
Wodini. Mama mkwe kamsema mbele ya wagonjwa wote — asiyesikia la mkuu, na kadhalika. Mkaidi tangu utotoni, eti. Shemeji kitandani, bandeji nusu ya uso. Nikangoja anitaje. Hakunitaja. Nami nikamenya chungwa. Nikalimenya vizuri sana.

Jumanne, 11 Machi
Bandeji imetolewa. Jicho linaona mwanga, basi. Daktari kasema tungoje, haahidi kitu. Akauliza, aandike kwenye faili: nani alimwambia betri hizo huchajiwa?
"Niliamua mwenyewe," shemeji akasema.
Nilikuwa nimesimama hapo hapo, kofia mkononi.
Baadaye, koridoni, nikamuuliza kwa nini ananificha.
"Dada ana mume mmoja, shemeji. Mimi nina jicho jingine."
Hakucheka. Akanyoosha mkono atafute ukuta, akaukosa. Nikamshika kiwiko. Akakiondoa, taratibu.
Sasa ameitwa tena ndani. Naandika haya kwenye benchi. Mke wangu karudi na dawa, kaketi kando yangu, kichwa begani. Anauliza naandika nini siku zote hizi.
Sijafunga daftari.