Mbwa Niliyemtuma Bure

Mjukuu wangu Zaina, amahoro. Huku Rumonge tuko wazima, na mama yako anakamua mawese. Unauliza kwa nini mbwa wako anakataa kwenda mbali kuokota kitu asichokiona.

Wangu, kule Minago, alikuwa hivyo. Nilimtuma kwenye matete afuate bata mwitu niliyemwangusha nikiwinda. Akafika katikati, akasimama kunitazama. Nikafoka. Dada yangu akasema, "Jana ulimutuma bure, ukacheka. Leo akuamini kwa nini?"

Niliona haya. Nikaanza upya: nilificha samaki karibu, kisha mbali kidogo, na kila nilipomwelekeza kwa mkono alimkuta. Mwishowe nikamtuma tena kwenye matete ya mbali, afuate bata mwingine. Akaenda moja kwa moja, akarudi na bata mdomoni. Nilifurahi, mjukuu wangu, lakini pia niliogopa: sasa angekwenda popote ambapo ningemwonyesha, hata penye hatari, kwa kuwa aliniamini.

Nakuombea heri,
Babu yako